Kompyuta Niliyomrudishia Mungu

Mmeniuliza mmoja mmoja, nami nikawajibu kipande kipande, na sasa habari yenyewe imeota mikia. Mmoja wenu anaamini nilikwenda Malili kununua mbuzi. Mwingine ameambiwa nimeokoka upya huko Kikima. Kaeni basi niwaandikie yote mara moja, kisha mniache nishone sare za shule kwa amani.

Kwa ambaye hanijui, mimi ni Mwikali, fundi cherehani wa Nuu. Tangu nilipofungua redio ya mama nikiwa darasa la sita na kushindwa kuifunga, mkono mmoja uko kwenye nguo na wa pili uko kwenye nyaya. Wengine hufuga njiwa. Mimi hukusanya vikompyuta, vile vya ukubwa wa kitabu cha nyimbo, visivyo na feni, vinavyokula stima kidogo hivi kwamba paneli moja ya sola na betri moja hukiwasha kimoja mwezi mzima bila kulalamika. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akiviita watoto wangu wa kambo.

Kimoja kati ya hivyo kilikuwa na kazi ya maana. Baba yangu, Mzee Musyoka, alikuwa bwana shamba enzi zake, na hata baada ya kustaafu hajaacha kupima mvua ya Nuu na kuiandika katika daftari. Hupima saa tatu kamili asubuhi. Ukimwambia saa tatu na dakika mbili anakuangalia kama mtu aliyemwaga maziwa. Mwaka jana aliteleza akienda kwenye kipimo, akavunjika nyonga. Daktari alituambia mfupa umeshika, lakini mzee akianguka tena hatasimama. Kubishana na baba ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa hiyo sikubishana. Nilivuta waya kutoka kwenye kipimo hadi chumbani kwake, nikaunganisha na kikompyuta, na kila asubuhi saa tatu kikawa kinamtajia, kwa Kikamba na kwa sauti yangu, mvua imefika milimita ngapi. Baba aligombana nacho kila siku. Alisema kinaongea kama mtu wa Makueni, alikotoka mama, na kwake hilo ni tusi kubwa. Lakini alikaa kitandani, na mimi nililala usingizi.

Halafu mjusi akaingia ndani ya kikompyuta kutafuta joto. Wakafa pamoja.

Mawingu ya mvua za Novemba yalikuwa yameanza kujipanga. Vikompyuta vipya vya Nairobi siku hizi vimepanda bei kama nyama ya Krismasi, na vya kuagiza ng'ambo vingefika wakati mahindi yanapaliliwa. Nikamwambia baba asubiri, nitatafuta kilichotumika.

"Tafuta," akasema. "Lakini daftari langu halijawahi kukosa mvua ya kwanza. Ikinyesha, saa tatu nitakuwa pale kwenye kipimo."

"Kwa miguu gani, Baba?"

"Hii hii."

Nilimjua. Angekwenda. Nikamwachia jirani yangu Kavata funguo za nyumba na buti za baba, nikamwambia azifiche zote. Kavata ndiye mwenyekiti wa mwethya wa upande wetu, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, na amezoea watu wakaidi.

Nuu hadi Mwingi, nyuma ya meno ya mbuzi

Nilipanda lori la Abdi, mfanyabiashara wa mifugo ambaye hupita kwetu kila wiki. Abdi ananiita fundi kwa sababu nilimtengenezea redio ya lori, na kiti cha mbele ni changu nikitaka. Nilikuwa nimesahau jambo moja tu: Abdi hasafiri, Abdi hununua mbuzi, na barabara ni mahali anapopitia akinunua.

Tulisimama kila penye mti na mtu. Kila mbuzi alifunguliwa mdomo, akahesabiwa meno, akapapaswa mgongo, kisha Abdi na mwenye mbuzi wakaanza kutukanana kwa heshima.

"Mzee, huyu mbuzi umri yake ni kama yangu."

"Basi mheshimu, ongeza kitu."

Mara tatu niliona mwenye mbuzi akiondoka kwa hasira, na mara tatu nilimwona akirudi kabla lori halijawaka. Nilianza kwa kuhesabu dakika. Kufikia mbuzi wa kumi na moja niliacha, nikaanza kutoa maoni kuhusu meno.

Karatasi yangu ilikuwa kwenye kikapu mgongoni pa kiti. Humo nilikuwa nimeandika kila kitu: aina ya kikompyuta, matundu ya nyaya, nguvu ya stima, hata umbo la plagi, nimelichora kwa rangi mbili. Kati ya kibanda cha lori na mbuzi palikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo. Nilipogeuka, mbuzi mmoja mweupe alikuwa anamalizia plagi.

"Alikula nini?" Abdi akauliza.

"Amekula kompyuta."

"Huyo basi ni wa bei kali," akasema, akacheka hadi akapunguza mwendo.

Mwingi tuliingia jioni. Dada yake Abdi, Halima, alituandalia anjera laini, mikate myembamba ya Kisomali, na supu ya mbuzi, na chai ya maziwa ya ngamia. Nilipomaliza kikombe nikasema asante, akajaza. Nikasema asante tena, akajaza tena. Kikombe cha nne ndipo Abdi aliponihurumia akaniambia nifunike kikombe kwa kiganja. Halima aliniuliza safari ni ya nini. Nilipomweleza habari ya baba na kipimo akasema, "Baba yetu pia alikuwa anaandika mvua, lakini kwa kichwa. Alipokufa hakuna mtu alijua tena." Nilimpenda hapo hapo.

Kitui mjini, ambako kila kitu ni kidogo

Bila karatasi, Jumamosi yote nilikuwa nikieleza kwa mikono. Niliingia duka la kwanza nikasema nataka kompyuta ndogo, ya bei rahisi, isiyokula stima. Muuzaji, kijana msafi mwenye tai, alifikiri kidogo akaniletea kikokotoo.

"Kompyuta," nikasema.

"Hii inajumlisha, inatoa, na inatumia jua."

Siwezi kusema alidanganya.

Duka la pili nililetewa kompyuta ya watoto ya plastiki inayoimba alfabeti. La tatu nilionyeshwa mashine kubwa kama sanduku la mahari, na nilipolalamika mwenye duka akaniambia, "Si screen yake ndio ndogo, mama? Angalia." Wakati huo njaa ilikuwa imenishika na hasira ilikuwa inapiga hodi. Nilikaa kwenye ngazi nikala embe mbili, nikajiambia kuuliza si ujinga, ujinga ni kuuliza pasipo na mtu anayejua.

Basi nikatafuta anayejua. Kila mji una fundi mmoja wa simu ambaye meza yake imejaa maiti za vitu, na nilimpata nyuma ya soko. Sikumaliza hata sentensi.

"Unataka zile za cyber," akasema. "Zile kasanduku hazina feni. Kuna jamaa anaitwa Kioko alikuwa na cyber Kikima, akafunga watu walipoanza kufanya kila kitu kwa simu. Alikuwa nazo nane."

Alinipigia namba palepale. Sauti ya Kioko ilikuwa ya mtu mwenye moyo mwepesi, naye akaniita mwaitu, yaani mama, kwa heshima.

"Iko moja tu, mwaitu. Sita zilichukuliwa na shule, moja iliungua."

"Usimpe mtu."

"Nimesema ni yako. Kuja kesho, tukitoka kanisa nakupatia."

Ningemuuliza maswali zaidi, lakini furaha huziba masikio.

Kitui hadi Kikima, kwa sauti ya pili

Jioni hiyo nilifika Tawa, nikalala kwa binamu yangu. Nitaruka hapo, kwa sababu binamu yangu husoma kila ninachoandika. Jumapili asubuhi nilisimama barabarani nikitafuta gari la kupanda milimani, na hapakuwa na gari. Ikaja pikapu ya kwaya. Wanawake kumi na wawili wa sare ya zambarau, na mwalimu wao mbele.

"Tunaenda Kikima, harambee ya paa la kanisa," mwalimu akaniambia. "Unaimba sauti gani?"

"Mimi ni fundi cherehani."

"Sauti ya pili tumepungukiwa. Mmoja ameugua tumbo. Panda."

Nikapanda. Walinifundisha nyimbo tatu kwa mwendo wa kona za Mbooni, na kila kona mbaya iliangukia kwenye pambio. Aliyekuwa kando yangu alinishika kiuno ili nisimwagike. Huko juu hewa ilikuwa baridi, mashamba yamepandwa hadi kwenye kingo za barabara, maparachichi yananing'inia, na mimi mtu wa Nuu nikaona wivu wa waziwazi. Huku kwetu mvua ni mgeni anayeandikwa kwenye daftari. Kule ni mtu wa nyumbani. Nilipofika juu nilikuwa nimevaa leso ya zambarau na najua maneno yote ya ubeti wa pili.

Kioko alinipokea mlangoni pa kanisa, mwanamume mfupi mwenye tabasamu la mtu aliyefanya jambo.

"Mwaitu, kuna kitu kidogo," akasema.

Nilijua. Mtu akisema kitu kidogo, ni kikubwa.

Mchungaji alikuwa amewaomba washirika kila mmoja alete kitu cha mnada kwa ajili ya paa. Kioko hakuwa na kuku wala ndizi. Asubuhi hiyo alikuwa ametazama nyumba nzima, akaona kikompyuta changu, na roho ikamwongoza.

"Lakini si mnada ni wazi?" akanituliza. "Wewe unanunua tu, pesa inaenda kwa paa, mimi napata baraka, wewe unapata kasanduku. Hakuna mtu amepoteza."

Niliona mantiki yake na nikataka kumpiga nayo.

Kikima, kwenye mnada wa paa

Mnaokaa mbali na makanisa yetu nawaeleza. Baada ya ibada, vitu vilivyoletwa hutolewa nje ya mlango na kuuzwa kwa sauti. Kuku, mikungu ya ndizi, malenge, kikapu kipya. Watu hupandisha bei kwa kelele na vicheko. Na anayeshinda huulizwa swali moja: unabeba, ama unarudisha? Kubeba ni halali kabisa. Lakini mwenye moyo mkubwa husema narudisha, na kitu kile kile kinauzwa tena, na tena. Nimeona jogoo mmoja akiuzwa mara saba Nuu na mwisho akarudi nyumbani na mwenyewe. Tumelelewa hivyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tangu nikiwa mdogo nikimshika mama mkono, sijawahi kumsikia mtu wa kwetu akibeba mara ya kwanza.

Kikompyuta changu kiliwekwa mezani kati ya parachichi na sufuria. Kilikuwa kizuri. Cheusi, hakijakwaruzwa, matundu yote niliyoyahitaji yamejipanga pembeni. Mwendesha mnada, mzee wa kanisa mwenye koo la kuita watu ng'ambo ya bonde, alikiinua.

"Hii ni mashine! Sijui inafanya nini, lakini imetoka kwa Kioko, na Kioko amesoma!"

Nilianza bei. Mwanamke mmoja mnene mwenye gauni la maua, mbele kabisa, akaniongezea. Nikaongeza. Akaongeza. Kwaya yangu ya zambarau ikaanza kunishangilia kama timu ya mpira. Mwishowe yule mwanamke akacheka, akatikisa mkono, akaniachia. Nilikuwa nimebaki na nauli na kidogo cha chakula.

"Dada yetu kutoka Nuu!" mzee akanguruma. "Mbali namna hiyo! Wapigieni makofi watu wa Nuu!"

Kanisa zima likapiga makofi. Wanakwaya wakapiga vigelegele. Jua lilikuwa zuri, nilikuwa nimeimba, nilikuwa nimeshinda, nilijisikia nimependwa na Makueni nzima.

"Dada, unabeba, ama unarudisha?"

Na mimi, Mwikali binti Musyoka, niliyelala njiani siku mbili, niliyepoteza ramani yangu tumboni mwa mbuzi, nikainua mkono juu nikasema kwa sauti iliyofika kwenye mlima wa pili:

"Narudisha kwa Bwana!"

Nilisikia maneno yakitoka. Nilijaribu kuyafuata. Makofi yalikuwa yamekwisha kuyameza.

Mzee alikiinua tena. Mimi sikuwa na kitu mfukoni cha kupigania. Yule mwanamke wa gauni la maua alikichukua kwa bei ya huruma, na alipoulizwa swali, akajibu kwa upole, "Nabeba, maana niko na shida nacho." Alisema kwa utulivu kabisa, na hakuna jiwe lililoanguka kutoka mbinguni. Watu wakampigia makofi vilevile.

Mnaniuliza kwa nini sikumfuata palepale. Ningemwambia nini? Nipe kile nilichompa Mungu, nimebadili nia? Mbele ya mchungaji? Nilisimama nikitabasamu hadi mashavu yakauma, na nilipogeuka kumtafuta, gari lililomleta lilikuwa limeshateremka kwenda Malili.

Kioko ndiye aliyeniokoa, na nilimsamehe nusu. Alinijulisha kwamba mwanamke huyo anaitwa Mama Ndinda, ana hoteli Malili kando ya barabara kuu. Mke wa Kioko alinilaza, akanipikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na kila alipokumbuka mnada alilazimika kuweka kijiko chini acheke. Nilicheka naye. Halafu nilitoka nje nikampigia Kavata, na kicheko kikaisha.

"Mawingu imesimama hapa kwa mlango," akasema. "Mzee ameitisha buti."

"Si ulizificha?"

"Nimeficha. Amesema hata pekupeku anajua njia."

Nilikaa kwenye jiwe nikajiona mjinga wa kupindukia. Nilimwona baba kwenye tope, na huku mimi nimepigiwa makofi.

Malili, kwa Mama Ndinda

Jumatatu nilibadilisha magari mara mbili hadi nikafika barabara ya Mombasa. Ukitoka Kikima, Malili ni kama kuingia sokoni ukitoka kulala: malori yamepangana, wauza matunda wanakimbizana na mabasi, kila mtu anauza na hakuna anayekaa. Hoteli ya Mama Ndinda ilikuwa ya mabati ya buluu. Ndani kulikuwa na madereva sita wanakula ndengu na chapati, na wote sita walikuwa wamekasirika.

Walikuwa wanaangalia runinga nyeusi. Juu ya runinga kilikaa kikompyuta changu, kimefungwa waya kila tundu, hata mahali pasipo na tundu.

Mama Ndinda alinitambua kabla sijaketi.

"Aiee, wa Nuu! Yule wa kurudisha! Kuja uone, ile decoder ya kanisa imekataa kushika. Nimegeuza antena mpaka nimechoka."

Basi ndiyo ilikuwa shida yake. Runinga ilikufa wiki iliyotangulia, akaamini ni dekoda, na alipoona kisanduku cheusi mezani kwa Bwana akakiona kama jibu la sala. Alikuwa ameiweka ile dekoda ya zamani nyuma, juu ya gunia la makaa, tayari kutupwa.

Niliagiza chapati mbili na ndengu, kwa sababu siwezi kufikiri na njaa, kisha nikaomba kisu na kiti. Waya wa antena ulipita juu ya dari, na juu ya dari palikuwa na panya mwenye uchu wa waya. Nilikata sehemu iliyogugunwa, nikaunganisha upya, nikaweka dekoda yake ya zamani mahali pake. Picha ikaja na sauti kubwa ya habari za mchana. Madereva sita walipiga meza. Mmoja aliniagizia chai.

Hapo ndipo nilipomweleza. Mjusi, baba, nyonga, daftari, mawingu yamesimama mlangoni. Nilieleza vibaya, nikiruka mbele na nyuma. Mama Ndinda alisikiliza akikanda unga. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Sasa kwa nini ulirudisha?"

"Mdomo," nikasema.

Alicheka hadi unga ukamwagika. "Usione haya. Mimi huo mdomo ulishanitolea fahali. Harambee ya dispensari. Bwanangu hakuongea na mimi hadi Pasaka."

Alichomoa nyaya zote, akakifuta kikompyuta kwa aproni, akakiweka mikononi mwangu. Nilipoanza kusema nitamtumia pesa nikifika nyumbani, alikunja uso.

"Hapana. Hiyo nilitoa kwa paa, na paa itajengwa. Nikikuuzia nitakuwa nimeuza sadaka. Beba. Na wakati huu ufunge mdomo mpaka Nuu."

"Ni muvea," nikamwambia, yaani asante. Nilikifunga kwenye leso ya zambarau, ambayo nilikuwa nimesahau kuwarudishia wanakwaya. Labda hiyo ndiyo nilipaswa kurudisha.

Kurudi, na mto uliotuzuia

Nilirudi kupitia Machakos na Kitui, na safari ya kurudi haina kisa kwa sababu niliogopa muda wote. Jumanne alasiri, nikikaribia Mwingi, upande wa mashariki ulikuwa umekuwa mweusi kama chungu. Nilimpigia Kavata. Simu yake haikupatikana. Nilipiga mara nyingi, nikajua huko kwetu mvua imekwisha kuingia na netiweki imetoka.

Mwingi nilimkuta Abdi anarudi kwetu kuchukua mbuzi wengine. Tuliondoka pamoja jioni hiyo hiyo, tukafika kwenye mto ambao siku nne nyuma ulikuwa mchanga mtupu, na sasa ulikuwa unapita mwekundu na kubeba magogo. Abdi alizima injini.

"Fundi, hapa hatuvuki. Huu mto hauna haraka, na sisi tusiwe na haraka."

Tulilala kwenye lori. Kulipopambazuka maji yalikuwa yameshuka hadi magotini. Abdi aliyapima kwa fimbo, akasema bismillahi, tukavuka. Saa yangu ilisema saa moja na nusu. Aliendesha bila kununua hata mbuzi mmoja. Watu walisimama barabarani na mbuzi wao wakitupungia, naye akapita akiangalia mbele, na nyinyi mnaomjua Abdi mtaelewa hilo lilimgharimu nini.

Nuu, saa tatu kasoro

Aliniacha kwenye kijia dakika kumi kabla ya saa tatu. Nilikimbia na kikompyuta kifuani. Tope lilikuwa hadi vifundoni, na niliteleza mara mbili, na kila nilipoteleza nilimwona baba akiteleza. Nilipofika kwenye uzio niliona mlango wa chumba chake uko wazi. Kitanda hakikuwepo.

Halafu nikawasikia wanaimba.

Walikuwa wanatokea upande wa pili wa nyumba, wanawake sita wa mwethya, sketi zimekunjwa, miguu imezama, na wanaimba wimbo ule wa kulima ili waende hatua moja. Mabegani mwao walibeba kitanda. Juu ya kitanda alikaa baba yangu, wima, na koti lake la mvua la bwana shamba na kofia, daftari limefungwa kwa mfuko wa plastiki mapajani, na saa mkononi.

"Polepole upande wa kushoto!" alikuwa akiamuru. "Mnanimwaga!"

Kavata aliniona. Alikuwa mbele, amebeba mguu wa kitanda begani.

"Alisema ataenda," akaniambia, akihema. "Tukasema sawa, aende. Lakini si kwa miguu."

Walimtua kando ya kipimo. Tulingoja, sote tisa mkihesabu na Abdi aliyekuwa amenifuata na kiatu changu kimoja kilichobaki kwenye tope. Baba aliangalia saa hadi ikafika. Akainama kutoka kitandani, akatoa chupa ya kipimo, akaiinua usawa wa jicho na kuisoma mara mbili.

"Thelathini na moja," akasema. Kisha akaniona, tope hadi kiunoni, na furushi la zambarau. "Umechelewa. Hiyo ni nini?"

Nililia. Semeni mnachotaka, nililia kwa sauti, na Kavata akanifuta kwa leso, akazidi kunipaka tope.

Kikompyuta nilikifunga mchana ule ule, na asubuhi ya Alhamisi saa tatu kamili kikasema manyunyu yamefika milimita nne. Baba alikisikiliza, akakisahihisha matamshi, akaandika. Kinafanya kazi vizuri, mmeuliza, naam, kinafanya kazi vizuri kuliko cha kwanza. Sasa hana sababu ya kutoka kitandani. Ila siku mvua ikiwa kubwa hunituma kwa Kavata kuuliza kama mwethya wana nafasi, kwa ajili ya kuhakikisha, na bado hawajakosa nafasi.

Jana nilikuwa nampangia daftari lake. Lina safu tatu: tarehe, milimita, na jina la aliyepima. Alhamisi ameandika "Mashine". Nikapanda mstari mmoja juu, Jumatano, mvua ya kwanza, thelathini na moja. Mwandiko wake unatetemeka siku hizi, lakini safu ile ya mwisho ameijaza hadi ukingoni: "Mimi mwenyewe, na wanawake sita."